Idhini ya Kuingia: Darasa Juu ya Siri za Watu Zilizomo Katika Kompyuta

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darasa hili, naye ni mwangalizi wa afisi ya madrasa. Asema kuwa katika kompyuta ya madrasa mna majina ya watoto na wazazi wao, hesabu za karo, orodha ya mayatima na ya wale wapewao zaka, na barua za watu walioleta magomvi yao ya nyumbani kutaka suluhu. Amesikia kwamba mashine hizi huwapelekea waliozitengeneza habari za mwenye kuzitumia. Basi auliza: je, hayo ni kweli? Na ikiwa ni kweli, ana dhambi yeye aliyebonyeza palipoandikwa "Nakubali"?

Swali hili tumeona lipewe darasa zima wala lisijibiwe kwa maneno mawili, kwani walio katika hali ya ndugu huyu ni wengi: maimamu, waalimu, matabibu, mawakili, na wenye maduka ambao daftari la madeni limehama kutoka kwenye karatasi likaingia ndani ya simu.

Kwanza yapasa kujua ni kitu gani tunachokizungumza. Katika kila kompyuta na kila simu mna programu moja iliyo mama wa programu zote, iitwayo mfumo endeshi. Hiyo ndiyo iiamshayo mashine, na hiyo ndiyo iliyoshika skrini, kibodi, kipaza sauti na jicho la kamera. Windows ya Microsoft ni mfumo endeshi, na macOS ya Apple, na Android ya Google iliyomo katika simu za wengi wetu, na Linux ambayo tutaitaja mbele. Programu nyinginezo ni mfano wa mgeni aliyekaribishwa barazani, ukimtilia shaka waweza kumtoa. Lakini mfumo endeshi ni bawabu mwenye funguo za vyumba vyote. Bawabu akiwa na maneno na watu wa nje, hapana chumba kilichosalimika.

Sasa tuitazame dini yetu. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, hata watumishi na watoto wa nyumbani wasiobaleghe wameamrishwa watake ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya sala ya isha. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Mtumishi yumo nyumbani usiku na mchana, huduma yake haiepukiki, na mwenye nyumba ndiye aliyemweka. Pamoja na hayo yote hakupewa ruhusa ya jumla ya kuona kila kitu kila wakati. Na kompyuta ni nini ila mtumishi?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.), kuwa mtu mmoja alichungulia katika tundu ya chumba cha Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na kichanuo mkononi akijikunia kichwa. Akamwambia kwamba lau angalijua kuwa anatazamwa, angalimchoma nacho jichoni, na akabainisha kuwa hukumu ya kutaka idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Mtu yule hakuutia mguu ndani. Basi kubisha hodi si kwa ajili ya miguu, ni kwa ajili ya jicho; na mwenye kulipeleka jicho lake nyumbani mwa watu ameingia, ijapokuwa mwili wake uko nje, au uko ng'ambo ya bahari.

Baada ya dalili hizo, twataka kuwaonya ndugu zetu jambo moja kabla ya kwenda mbele. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat, ambayo imekataza kupelelezana, imeanza kwa kukataza kudhania watu kwa wingi. Yote mawili yamo katika aya moja. Kwa hivyo hatuna ruhusa ya kuwazushia watengenezaji wa mashine hizi mambo yasiyothibitika. Tumewasikia baadhi ya watu wakisema kuwa kamera ya kompyuta ndilo jicho la Dajjali, na wengine hubandika kipande cha karatasi juu ya kamera hiyo, kisha kila linalowajia katika skrini hulikubali bila kulisoma. Maneno ya Dajjali tuwaachie wenyewe. Sisi tutayataja yanayojulikana, kwa miaka yake.

Microsoft ilitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015. Aliyeiandaa mashine yake aliwekewa njia mbili: njia ya haraka, ambayo kwayo karibu milango yote huachwa wazi, na njia ya kupanga mwenyewe, ambayo iliandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Mashine ilikuwa ikipeleka kwa kampuni habari za uzima wake na matumizi yake, jambo ambalo mafundi hulita telemetria. Kadhaalika kila mtumiaji alipewa nambari ya matangazo, ili programu mbalimbali ziweze kumtambua kuwa huyu ni yule yule. Mwezi wa Julai 2016 tume ya Ufaransa ya kulinda data, iitwayo CNIL, iliiambia kampuni kuwa yakusanywa zaidi ya yanayohitajika, na kuwa nambari ile imewashwa bila ya mtu kuulizwa. Ikaipa miezi mitatu ijirekebishe. Shauri hilo lilifungwa mwezi wa Juni 2017, baada ya kampuni kupunguza karibu nusu ya habari zilizokuwa zikichukuliwa katika daraja ya chini. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakaguzi wa Uholanzi nao wakatoa hukumu yao: watumiaji hawakuelezwa wazi ni habari gani zichukuliwazo na kwa kazi gani, kwa hivyo ridhaa yao haikuwa ridhaa ya sawa.

Wanafunzi wa fiqhi watalitambua neno hilo la Waholanzi mara moja. Mauzo ya kitu kisichojulikana yana kasoro hata wote wawili wakipeana mikono, kwani ridhaa yataka ujuzi. Mtu hawezi kukiridhia asichokijua. Na twasema kwa uadilifu kwamba serikali za watu wasiokuwa wa dini yetu zimesimama katika jambo hili mahali ambapo sisi, tulio na aya na hadithi, tulikuwa tumekaa kitako.

Katika Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, habari hizo zimegawanywa mafungu mawili. Fungu moja ni la lazima, na katika mashine za kawaida za nyumbani na afisini hapana swichi ya kulizima. Kampuni yasema kuwa ni aina ya mashine, mipangilio yake, na kama inafanya kazi vyema. Fungu la pili ni la hiari, nalo ndilo la kuangaliwa. Ndani yake zimo habari za programu unazozitumia na kurasa unazozifungua kwa kivinjari chao. Tena programu ikianguka ghafla, hupelekwa sura ya kumbukumbu ya mashine ilivyokuwa wakati ule, na kampuni yenyewe imeandika kuwa humo mwaweza kuingia, pasi na kukusudiwa, vipande vya faili ulilokuwa ukilifanyia kazi. Haya si maneno ya mahasidi wao, ni maneno yao wenyewe. Basi piga mfano: mwangalizi wetu anaandika barua ya mume na mke waliotaka suluhu, na programu ikaanguka.

Upande wa simu mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2021 mwalimu mmoja wa chuo cha Trinity, mjini Dublin, Profesa Douglas Leith, alipima simu za Android na za Apple zikiwa zimelala tu hazitumiwi. Aliona kuwa zote mbili, kwa wastani, huwasiliana na wenyewe kila baada ya dakika nne na nusu, na kwamba Google ilipokea habari nyingi kuliko Apple kwa kiasi cha mara ishirini. Google haikukubali njia aliyoitumia katika kupima. Hata hivyo, aliyedhani kuwa simu iliyowekwa juu ya mto imenyamaza, naafikiri tena.

Pana adabu nyingine ambayo mashine hizi hazina. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Abu Musa (R.A.), kuwa mwenye kubisha hodi mara tatu asipopewa idhini na arudi. Lakini mifumo hii ukiikatalia leo hukuuliza kesho, na baada ya kila marekebisho makubwa hukujia tena kukutaka ukamilishe maandalizi ya kifaa chako. Aghlabu huwekewi neno "Hapana". Utawekewa "Ndiyo" na "Nikumbushe baadaye". Huyo ni mgeni aliyekaa mlangoni hatoki, mpaka mwenye nyumba achoke amfungulie. Idhini iliyotolewa kwa kuchoshwa hatuioni kuwa ina heshima ya idhini.

Hayo yote yahusu siri ya mtu mwenyewe. Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Mtu aweza kusema, "Mimi ni mtu mzima, nimeridhia siri zangu zijulikane." Huyo tutamnasihi, na hukumu yake ni kitu kingine. Lakini mwangalizi wa madrasa hakubonyeza "Nakubali" kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Amemkubalia yatima, na mjane apewaye zaka, na mke aliyeandika kuwa mumewe hamlishi. Je, hao waliulizwa? Siri ya mwenzio si mali yako hata uweze kuitolea idhini. Wewe ni mwekwa amana, na mwekwa amana hana haki ya kuazima kilichowekwa kwake, sembuse kukigawa.

Tirmidhi amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kuwa mtu akizungumza jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, basi jambo lile ni amana. Hakusema "nifichie", kule kugeuka tu kumetosha kuwa ndiyo ahadi. Yule mwanamke aliyekuja kumweleza imamu shida yake aligeuka akatazama mlango, akatazama dirisha, akaona hapana mtu. Simu iliyokuwa juu ya meza hakuitazama.

Mfano ulio wazi kabisa ulitokea juzi tu. Tarehe 20 Mei 2024 Microsoft ilitangaza kitu kiitwacho Recall, kwa baadhi ya kompyuta mpya, ambacho huipiga picha skrini kila baada ya sekunde chache na kuziweka, ili mtu apate kutafuta lolote alilowahi kuliona. Kampuni ilisema kuwa picha hizo hubaki ndani ya mashine yenyewe. Mafundi wa usalama walipoichunguza wakaona kuwa maneno yaliyosomwa katika picha hizo yamewekwa wazi, na kwamba programu mbaya ikiingia yaweza kuyachota yote. Makelele yakawa mengi, kampuni ikakiahirisha, ikakitia kufuli, ikafanya kuwa kisiwashwe ila kwa kutaka mwenyewe. Kikatolewa Aprili 2025. Mwezi wa Mei 2025 wenye programu ya ujumbe ya Signal waliifunga programu yao katika Windows isipigwe picha hizo. Na kwa nini walifanya hivyo, ilhali mwenye mashine ndiye aliyewasha? Kwa sababu ujumbe una watu wawili. Mmoja amewasha Recall, na mwingine hana habari. Aliyeandika ujumbe akapanga ufutike baada ya saa moja, picha yake ingalibaki kwa mwenzake.

Na asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu wao kwa wao. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa Marekani walifichua kuwa programu ya simu ya Muslim Pro, ambayo Waislamu mamilioni waliitumia kujua nyakati za sala na upande wa kibla, ilikuwa ikiipa kampuni iitwayo X-Mode habari za mahali watumiaji walipo, na kwamba X-Mode iliwauzia makandarasi wa jeshi la Marekani habari za aina hiyo. Wenye Muslim Pro walisema wamevunja uhusiano na X-Mode. Mwezi wa Januari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliikataza kampuni hiyo, iliyokuwa imekwisha badili jina, kuuza habari za mahali nyeti, na katika hayo zimo nyumba za ibada. Twataja kisa hiki katika darasa la mifumo endeshi kwa kuwa mfumo ndio utoao ruhusa ya kujua mahali, na ndio utoao nambari ya matangazo. Mgeni alichukua alichochukua kwa ufunguo wa bawabu. Apple tangu Aprili 2021 imezilazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuata mtu kwa nambari hiyo, na katika Android, tangu toleo la 12, mwenye simu aweza kuifuta. Lakini ni wangapi katika sisi tuliokwenda kuifuta?

Wako watakaosema, "Mimi sifanyi maovu, sina la kuficha." Maneno haya twayasikia hata kwa watu wenye elimu. Twamwuliza mwenye kuyasema: nguo umevaa kwa nini? Mwili wako una kosa gani? Sitara haikuwekwa kwa ajili ya mwizi na mzinifu. Imewekwa kwa ajili ya heshima ya mwanadamu, na mcha Mungu ndiye aihitajie zaidi. Sadaka yenyewe husifiwa ikifichwa.

Tumjibu sasa ndugu yetu. Kwanza, hana dhambi kwa lililopita asilolijua. Lakini amekwisha kujua, na ujuzi huleta wajibu kwa kadiri ya uwezo. Wala hatusemi aitupe kompyuta, kwani kazi ya madrasa ni maslaha, na mashine hii imewapunguzia watu taabu nyingi.

Na aingie katika Mipangilio ya Windows, mlango wa faragha na usalama, azime habari za hiari na nambari ya matangazo. Recall, ikiwa mashine inayo, isiwashwe. Aangalie pia OneDrive: mwenye kuiandaa Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft aweza kuyakuta mafaili yake ya nyaraka na picha yananakiliwa katika seva za kampuni, naye hakukumbuka kulikubali hilo, orodha ya mayatima haina haja ya kufika huko. Na barua za suluhu hatuoni sababu ya kuwamo katika kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Ziandikwe kwa mkono, zitiwe kabatini, na suluhu ikipatikana zichanwe. Wapewao zaka wapewe nambari, na majina yao yawe katika daftari moja tu la karatasi. Mambo haya hayataki fundi wala fedha.

Jambo jingine limekuja kwa wakati wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za madrasa zetu ni kuukuu, haziwezi kupokea Windows 11. Kwa mtu wa kawaida ilitolewa nafasi ya mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama; na katika njia za kuipata ni kulipa dola 30, au kukubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwao kwa akaunti yao, hapo hutoi hata senti. Hapo msomaji ataijua bei ya habari zake. Kabla ya kununua mashine mpya, wenye madrasa na waitazame Linux, ambayo hupatikana bure na huweza kufanya kazi katika mashine za zamani. Nayo tusiitukuze kupita kiasi: mwaka 2012 Ubuntu, iliyo maarufu katika aina za Linux, ilianza kupeleka nje maneno ambayo mtu anayatafuta ndani ya kompyuta yake mwenyewe ili aonyeshwe bidhaa za Amazon. Watumiaji wakapiga kelele, na mwaka 2016 jambo hilo likazimwa. Tofauti ni kuwa programu yake iko wazi, mafundi waisoma, na mwenye kuingiza mkono mfukoni mwa watu huonekana. Na mahali pasipokuwa na kijana wa kuitunza Linux, ni afadhali Windows iliyofungwa milango yake. Ama Windows za kuibwa, zinazouzwa kwa bei ya sahani ya pilau, hizo zina makosa mawili: haki ya mwenyewe haikulipwa, na hujui aliyeivunja kufuli ametia nini ndani.

Ajue pia kuwa sheria ya nchi imo upande wa amana hii. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 31, imelinda faragha ya kila mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi katika habari za mtoto. Mwaka 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Wenye madrasa wapendao kuzirusha picha za wanafunzi siku ya maulidi na siku ya kuhitimu, na waanze kwa kuwauliza wazazi. Karatasi moja yenye sahihi yatosha, na anayekataa mtoto wake asipigwe picha wala asinuniwe.

Limebaki swali dogo ambalo ndugu yetu aliliandika chini ya barua yake: je, awaambie wale ambao habari zao zilikuwamo katika mashine siku zote hizi? Jawabu letu ni kuwa hana haja ya kuwatia watu hofu kwa jambo ambalo halina hakika kuwa limetokea. Lakini kuanzia sasa, mtu akija kuandikisha jina lake, na amweleze litawekwa wapi na nani ataliona, kabla hajaufungua ukurasa wa kuandikia. Akikataa, aandikwe katika daftari, na haki yake ya zaka isipungue kwa hilo. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.